Shajara ya mradi: picha ya madhabahuni ifike jengo zima

Jumanne, 4 Machi

Kamati ya ujenzi imenikabidhi kazi rasmi jioni hii: picha ya madhabahuni ifike kila mahali watu wanapokaa, na iwe safi kiasi kwamba bibi aliyesahau miwani yake asome maneno ya wimbo. Mwisho wa kazi ni Pasaka, 20 Aprili. Wiki saba kasoro siku mbili.

Jengo letu hapa Dar es Salaam lina ukumbi mkuu, roshani, chumba cha vioo cha akina mama wenye watoto wachanga, ukumbi wa chini, mapokezi, na hema linalosimamishwa uani siku za sikukuu. Kamera tatu zinaingia kwenye mashine ya kuchanganya picha iliyo chumba cha mitambo, nyuma kabisa ya ukumbi mkuu. Projekta mbili za mbele zimeungwa na mashine hiyo kwa kebo za SDI, zile za video za kitaalamu, na hazina shida, sitazigusa. Shida iko kwingine kote. Roshani inapata picha kwa kebo ya HDMI ya mita 20 inayokatika kila mtu akiikanyaga. Chumba cha vioo hakina kitu. Ukumbi wa chini unatazama matangazo yetu ya intaneti, ambayo huchelewa karibu nusu dakika: huku juu tumeshaitikia "Amina", kule chini sala bado inaendelea, na sauti ya juu inapenya ngazini.

Nimehesabu skrini: roshani mbili, chumba cha vioo moja, ukumbi wa chini mbili, hema mbili, mapokezi moja. Nane. Vyanzo ni vitatu: picha iliyochanganywa, kompyuta ya maneno ya nyimbo, na kompyuta ya walimu wa shule ya Jumapili kule chini. Hao wana siku zao watoto wanapoimba, na wazazi walioko juu wangependa kuwaona.

Wazo la kwanza lilikuwa HDBaseT. Ni teknolojia ya mwaka 2010, imekomaa, inabeba picha hadi mita 100 kwa waya mmoja wa mtandao na haicheleweshi. Ila kila skrini inahitaji waya wake peke yake kutoka chumba cha mitambo, na mashine kubwa ya kugawa katikati. Mwakani tukiongeza skrini mbili, tunatoboa kuta upya. Wakati wa ujenzi tayari zililazwa nyaya za mtandao kila chumba. Nataka kutumia hizo.

Jumamosi, 8 Machi

Mahesabu. Tunapiga picha kwa 1080p50, yaani fremu 50 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na kamera ikiwekwa 60 taa za ukumbini hupepesa kwenye picha. Fremu moja ina nukta 1920 kwa 1080. Kila nukta biti 24, mara 50 kwa sekunde: unapata gigabiti 2.49 kila sekunde. Waya wetu unapitisha gigabiti 1. Kwa hiyo picha lazima ibanwe, na ubishi wote wa kuchagua vifaa ni ubishi wa namna ya kuibana.

Kazi hiyo hufanywa na visanduku viwili viwili: kimoja hurusha picha kwenye mtandao, kingine huipokea kwenye skrini. Vya bei nafuu hubana kwa H.264. Mbinu yake ni kulinganisha fremu na fremu na kutuma kilichobadilika tu, ndiyo maana picha inatosha kwenye megabiti 10 au 20. Bei ya ujanja huo ni kusubiri: kisanduku kinakusanya, kinalinganisha, na cha upande wa pili kinaweka akiba kabla ya kuonyesha. Kuna NDI, iliyotoka mwaka 2015, ambayo hubana kila fremu peke yake na kutumia kama megabiti 100 hadi 150 kwa picha ya ukubwa wetu. Kuna visanduku vya gigabiti 1 vinavyobana kidogo tu kwa mbinu za ukoo wa JPEG 2000. Jicho halioni tofauti, lakini mkondo mmoja unafika hata megabiti 850, yaani unajaza waya karibu wote. Juu kabisa kuna SDVoE, inayopita kwenye mtandao wa gigabiti 10 na kuchelewa chini ya milisekunde moja. Hiyo ni nzuri mno. Pia inadai swichi (vifaa vinavyounganisha nyaya za mtandao) za gigabiti 10 kila mahali, na kisanduku kimoja kilinukuliwa kwangu kwa bei iliyozidi televisheni kitakayoilisha. Nimeiweka kando bila kinyongo. Kwa 1080p hatuihitaji.

Zimebaki tatu. Nimeazima jozi moja ya kila aina kutoka kwa mafundi wenzangu wawili. Kesho baada ya ibada ya pili naanza kupima.

Jumapili, 9 Machi

Namna nilivyopima, kwa atakayetaka kurudia. Kompyuta mpakato inaonyesha saa ya kuhesabu yenye tarakimu za sehemu ya elfu ya sekunde. HDMI yake inagawanywa mara mbili: tawi moja moja kwa moja kwenye televisheni ya kwanza, tawi la pili linapita kwenye visanduku kisha televisheni ya pili ya aina ile ile. Televisheni zinasimama bega kwa bega, napiga picha moja kwa simu inayozichukua zote. Natoa namba ndogo kwenye kubwa. Narudia mara 20, kwa sababu picha moja inaweza kukudanganya kwa fremu nzima.

H.264: milisekunde 260 kwa wastani. NDI: 70. Jozi ya gigabiti 1: 30.

Kisha nikapima kitu ambacho sikukifikiria mwanzoni. Nililinganisha televisheni yenyewe na kioo cha kompyuta, bila kisanduku chochote katikati. Milisekunde 90! Televisheni inachelewa peke yake, ikipamba rangi na kulainisha mwendo. Nikaingia kwenye menyu, nikaiweka kwenye hali ya michezo ya kompyuta, ikashuka hadi 20. Sikutoa hata senti. Nimeandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya kazi: kila televisheni, hali ya michezo, kabla ya kitu kingine chochote.

Jumatano, 12 Machi

Leo ni ibada ya katikati ya wiki ya Kwaresima, nikafunga jozi ya H.264 kwenye chumba cha vioo kwa majaribio. Akina mama walikuwa kama kumi. Kiongozi wa kwaya akainua mkono, akaushusha. Kupitia kioo mkono ulikuwa tayari chini, na kwenye televisheni iliyo pembeni ya kioo hicho hicho mkono bado uko juu. Kwaya nzima ilikuwa inaimba mara mbili mbele ya macho yao. Mama mmoja akaniambia, akiwa amempakata mtoto, "Mchungaji kwenye TV anaongea kama filamu iliyotafsiriwa." Baada ya robo saa watatu walikuwa wamegeuza viti wasiione skrini.

Hapo ndipo nilipoelewa mradi huu unahusu nini. Nilikuwa nikilinganisha vifaa kwa ubora wa picha, na picha zote tatu ni nzuri. Swali la kwanza ni hili: mtu aliyekaa hapa anaiona skrini peke yake, au anaona skrini na madhabahu kwa pamoja? Ukumbi wa chini hawaoni madhabahu. Wao, mradi sauti na picha vinakuja pamoja, hata nusu sekunde si kitu. Chumba cha vioo na roshani wanaona vyote viwili.

Nikarudi nyumbani na daftari. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lina pendekezo lake BT.1359: mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa nyuma ya picha kwa 125. Tazama tofauti hiyo. Tumezoea sauti ichelewe, kwa maana ndivyo ilivyo duniani: unamwona mtu wa mbali akipiga nyundo, ndipo mlio unafika. Sauti ikitangulia, akili inakataa mapema sana. Na sisi picha ndiyo inayochelewa, kwa hiyo tuko upande ule mkali wa 45.

Mnyororo wa chumba cha vioo, jinsi nilivyoupima: kamera na mashine ya kuchanganya, 60. Kisanduku cha gigabiti 1, 30. Televisheni katika hali ya michezo, 20. Jumla 110. Spika ya darini inapata sauti papo hapo kutoka kwenye meza ya sauti, kwa hiyo sauti inatangulia kwa 110. Mbaya. Lakini chumba kiko mita 25 kutoka mimbarini, na sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Mita 25 ni milisekunde 73. Mtu anayemwona mchungaji kwa umbali huo hategemei kumsikia papo hapo. Nikiichelewesha spika kwa 70, nimemrudishia sikio lake kile anachokitegemea, na sauti inatangulia picha kwa 40 tu. Ndani ya mpaka.

Kwa NDI ingekuwa 80. Kwa H.264, 270.

Ijumaa, 14 Machi

Mhazini wetu ni mzee makini, mwalimu mstaafu wa hesabu, na hasaini asichokielewa. Nampenda kwa hilo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesoma karatasi yako. Hivi visanduku vya bei ya juu vinazidi vile vingine mara tatu. Picha umeandika mwenyewe kuwa zote ni nzuri. Sasa tunalipia nini?"

Sikumjibu kwa namba. Nilimwomba apande nami chumba cha vioo, akae kiti cha mbele. Kijana wa mitambo akasimama madhabahuni akipiga makofi polepole. Nikaweka jozi ya H.264. Mzee akaangalia kioo, akaangalia skrini, akarudia mara nne au tano. Mikono ya kijana ilikutana upande mmoja na bado imeachana upande mwingine. Kisha nikahamishia jozi ya gigabiti 1.

Akavua miwani. "Macho yalikuwa yanauma. Mama ana mtoto analia mikononi, halafu tumuongezee na hicho?"

Akasaini kwa ajili ya chumba cha vioo na roshani. Kwa ukumbi wa chini akauliza kwa nini tusitumie vya bei nafuu, na ni swali la haki kabisa, nami nilikuwa nimeshaelekea huko. Nimeomba wiki moja ya kufikiri.

Kuhusu NDI, nilisita sana kuiacha. Inapita kwenye mtandao wowote wa kawaida, na kompyuta inaweza kurusha picha bila kisanduku. Ukumbi wako ukiwa hauna mahali mtu anapoona skrini na jukwaa kwa pamoja, ingekuwa chaguo langu la kwanza.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimezima ofisi ya usharika.

Nilitaka kuona jozi ya gigabiti 1 ikipita kwenye nyaya za ukutani badala ya waya mfupi wa mezani. Nikachomeka kisanduku cha kurusha kwenye swichi ya ofisini, kile kibati cha tundu 16 kisicho na mipangilio. Picha ilitokea mara moja roshani, safi. Baada ya dakika mbili karani akatoka mlangoni: printa haichapi, intaneti haipo, simu ya mezani imekufa, na ratiba ya mazishi ya saa nane inasubiriwa. Nikachomoa kisanduku, kila kitu kikarudi. Nikamwomba radhi, na nikamsaidia kukunja zile ratiba.

Sababu ni hii. Visanduku hivi hutuma kwa maltikasti: mrushaji anatoa nakala moja, na swichi ndiyo inayoigawa kwa wanaoitaka. Swichi isiyo na akili haijui nani anaitaka, hivyo inaimwaga kila tundu. Megabiti 850 zikamiminika kwenye printa, kwenye simu, na kwenye kifaa cha Wi-Fi ambacho hakina pa kuziweka. Swichi inayofaa lazima iwe na IGMP snupingi: inasikiliza nani ameomba mkondo gani, inampelekea huyo tu.

Ukiulizwa ununue nini kwanza katika mradi kama huu, nunua swichi. Visanduku vinafuata.

Jumamosi, 22 Machi

Swichi mbili zimefika. Kila moja ina tundu 24 za gigabiti zenye PoE, ili visanduku vipate umeme kwa waya ule ule, na tundu nne za SFP+ (za kuchomekea faiba) za gigabiti 10. Moja imekaa kwenye raki ya mitambo, moja ukumbi wa chini, na kati yao faiba. Kwa nini gigabiti 10 hapo katikati: mikondo mitatu mara 850 ni gigabiti 2.55. Kiungo cha gigabiti 1 kingepitisha mkondo mmoja tu, na ungejua hilo siku watoto wanaimba chini wakati maneno yanatoka juu.

Nikawasha snupingi, nikatenga VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile) ya picha peke yake, nikafunga jozi, picha ikaja. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi skrini ilikuwa nyeusi. Nikawasha kisanduku upya, picha ikaja. Baada ya muda, nyeusi tena. Mara ya tatu nikakaa na saa mkononi: dakika 4 na sekunde 20. Mara ya nne: dakika 4 na sekunde 20. Kitu kinachokufa kwa saa namna hiyo hakijaharibika, kinatii amri.

Sekunde 260. Katika IGMP toleo la 2, mpokeaji akishaomba mkondo, mtandao unatakiwa kuuliza kila sekunde 125, "Bado kuna anayeutaka?" Anayeutaka anajibu. Zikipita nafasi mbili za swali na sekunde 10 za kusubiri jibu, jina lake linafutwa: 125 mara mbili, ongeza 10. Swichi yangu ilikuwa inasikiliza majibu, lakini hapakuwa na wa kuuliza. Kawaida ruta ndiyo inayouliza, na VLAN yangu ya picha haina ruta. Nikaifanya swichi ya mitambo iwe muulizaji, nikaipa anwani ya IP ndogo kuliko ile ya chini ili ikitokea mashindano ishinde yenyewe. Picha imekaa saa sita mfululizo nikiandika haya.

Jumatatu, 24 Machi

Jambo dogo lakini litakuumbua mbele ya watu. Ukibadilisha skrini kutoka picha ya kamera kwenda maneno ya nyimbo, kwa sekunde kadhaa picha inavunjika miraba miraba. Mpokeaji ameomba mkondo mpya, na swichi haijafunga wa zamani. Mikondo miwili ya 850 inagombania waya wa gigabiti 1. Dawa ni mpangilio wa kuondoka haraka kwenye tundu, yaani swichi ikate mkondo mara mpokeaji anapoaga. Uwashe kwenye tundu za visanduku tu. Kwenye kiungo kati ya swichi na swichi usiuguse, la sivyo mtu mmoja akiaga unawakatia wote wa upande ule.

Nikiwa humo nikazima pia kile kipengele cha tundu kuokoa umeme. Meza yetu ya sauti inatumia Dante, mfumo wa kupitisha sauti kwenye mtandao, na Dante haipatani nacho.

Ijumaa, 28 Machi

Kisanduku kimoja cha roshani kilikuwa kinajizima na kujiwasha. PoE ilikuwa na nguvu ya kutosha, wati 9 tu kinakula. Nikabadilisha kisanduku, hali ile ile. Nikafungua tundu la ukutani, nikakata sentimita mbili za waya, nikaukwaruza kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Nikaukunja na kuukunjua mara tano, ukakatika kama kijiti kikavu.

Alumini iliyopakwa shaba. Umeandikwa Cat6, daraja la waya wa mtandao, kwa herufi nzuri kabisa. Kwa kuvinjari intaneti hutagundua kitu, lakini upinzani wake kwa umeme ni mkubwa, unapoteza umeme njiani na kupasha joto, na viwango vya Cat6 vinataka shaba tupu. Nimekagua ncha zote 14 za jengo kwa kisu. Tatu ni alumini, zote za roshani na mapokezi, zilizoongezwa baada ya ujenzi kwisha. Nimenunua boksi jipya Kariakoo, na safari hii nilikwaruza dukani kabla ya kulipa. Muuzaji hakukasirika, alinipa kisu chake mwenyewe.

Jumamosi, 5 Aprili

Uamuzi wa mwisho. Mfumo mmoja wa gigabiti 1 kila mahali isipokuwa mapokezi: visanduku vitatu vya kurusha na saba vya kupokea. Televisheni ya mapokezi itaonyesha matangazo ya intaneti kama zamani. Pale watu wanapita, hawakai.

Ukumbi wa chini nimeupa mfumo ule ule ingawa hauhitaji kasi hiyo. Vijana wa mitambo ni wa kujitolea na wanabadilishana kila Jumapili. Mifumo miwili ina maana programu mbili, namna mbili za kuharibika, na mtu mmoja tu, mimi, anayejua zote. Nilimweleza mzee mhazini hivyo hivyo, akakubali kwa sharti kwamba niandike maelekezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili na yabandikwe kwenye raki. Yamebandikwa.

Hema lilinishinda nguvu kwa siku mbili. Niliamini ni kama ukumbi wa chini, maana aliyeko hemani haoni madhabahu. Kijana mmoja akasema, "Kaka, lakini anasikia." Kweli. Madirisha ya ukumbi mkuu huwa wazi, na spika kubwa zinafika hemani kwa sauti ya kutosha. Kutoka spika hadi katikati ya hema ni mita 35, yaani milisekunde 102. Picha na spika za hema zikichelewa kwa theluthi ya sekunde, kila neno linasikika mara mbili. Kwa visanduku hivi picha inafika kwa 110. Nikichelewesha spika za hema kwa 100, sauti ya dirishani, sauti ya spika na midomo kwenye skrini vinakutana karibu mahali pamoja. Kama ningenunua vile vya H.264 kwa ajili ya hema, pesa ingekuwa imepotea.

Waya wa kwenda hemani ni faiba hadi kibanda cha mlinzi, ambako kuna swichi ndogo. Masika yameanza, na waya wa shaba unaopita uani kati ya jengo na jengo unaalika radi hadi kwenye raki. Kiungo hicho ni cha gigabiti 1 kwa sasa, kwa hiyo skrini mbili za hema lazima zionyeshe chanzo kimoja. Nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa raki kwa wino mwekundu.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi, jaribio la kwanza na watu kamili. Roshani safi. Chumba cha vioo safi. Nilisimama mlangoni nusu saa nikitazama viti, hakuna aliyegeuza.

Ukumbi wa chini maneno yalikuwa na ukungu. Chanzo nimekipata mchana: televisheni moja ya chini ni ya zamani, ya nukta 1366 kwa 768, na kompyuta ya maneno ilikuwa imeiuliza hiyo iseme inataka picha ya ukubwa gani, ikawapa wote ule ukubwa mdogo. Nimefunga jibu hilo kwenye kisanduku cha kurusha liwe 1080p50 siku zote, na kisanduku cha ile televisheni ndicho kinachopunguza.

Jumatatu, 21 Aprili

Jana, Pasaka. Ibada mbili, hema limejaa hadi geti. Nilifungua hesabu za tundu kwenye swichi saa nne asubuhi: kiungo cha faiba kati ya mitambo na ukumbi wa chini kilikuwa na gigabiti 1.6, mikondo miwili, hakuna pakiti iliyodondoka. Saa tano na dakika kumi watoto wakaimba kule chini, mkondo wa tatu ukapanda kuja juu, na nyuso zao zikatokea roshani. Sauti yao ilikuwa imepitia njia ya meza ya sauti. Ilikaa sawa na midomo.

Umeme ulikatika mara moja katikati ya ibada ya pili. UPS ya mitambo ilishika. Swichi ya kibanda cha mlinzi haikuwa na UPS, hema likakaa bila picha dakika mbili hadi jenereta ilipopokea na visanduku vikawaka.

Yaliyobaki: UPS ndogo ya kibandani. Moduli za gigabiti 10 kwa kiungo cha hema. Kisanduku kimoja cha kupokea cha akiba, kabatini, kikiwa kimeshapangwa. Kubadilisha nywila za kiwandani kwenye visanduku vyote kumi, kazi ambayo ilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Na mama yule wa chumba cha vioo ameomba skrini ishushwe kwa kiasi cha shubiri mbili, kwa sababu akikaa chini kumnyonyesha mtoto, mgongo wa kiti cha mbele unaifunika. Nimepima, bano za ukutani zinaruhusu. Jumatano naenda na ngazi.